Fomu Iliyotaka Ardhi Iliyoharibika

Eucabeth anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Kisegi, na huu ni mwaka wa saba akiwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kupanda miti. Mimi ni katibu wake. Naandika haya nikiwa na hasira na sitaomba radhi.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na korongo. Kila masika lilikata kipande cha shamba na kukipeleka ziwani. Mwaka mmoja lilichukua choo. Hakungoja mtu. Alipanda siala, miti yetu ya huku, akiimwagilia kwa maji ya ziwani aliyobeba kichwani. Sisi wengine tulijiunga baadaye, kwa aibu. Korongo likatulia.

Sasa mgongo wake umechoka na miche inakauka. Tuliposikia serikali inatoa ruzuku ya mazingira kwa vikundi, tukaenda Homa Bay kuomba tangi la maji. Tulibeba cheti cha usajili, katiba, kumbukumbu za mikutano, kila walichotaka. Bwana Ratemo, ofisa wa pale, akatazama picha za miti yetu.

"Mama, hapa kwenu ni kijani sana. Fomu inataka picha ya mahali imeharibika."

"Yaani tungeacha iharibike ndio mtupatie?"

"Si mimi, mama. Ni fomu."

Willis, mweka hazina wetu, alikuwepo akisikiliza. Jumamosi, sisi Wasabato tukiwa kanisani kutwa nzima, yeye, Mkatoliki, alikodi msumeno wa injini akakata siala arobaini juu ya korongo. Jioni alituletea simu tuone picha, anatabasamu.

"Sasa tumekwolify kupewa tangi," akasema.

Nilimtukana matusi yasiyofaa Sabato. Eucabeth alikwenda kusimama kati ya visiki akalia kwa sauti.

Jumatano mvua ilinyesha. Korongo lilibomoa jiko la Eucabeth na kuondoka na nusu ya shamba la mihogo.

Alhamisi alikuja kwangu na fomu, matope miguuni, akasema tuijaze. Ukurasa wa tatu uliuliza ni nani au ni nini kilichoharibu eneo hilo. Willis, aliyekuja nyuma yake kichwa chini, alisema tuandike mvua.

"Andika ni nyinyi," Eucabeth akaniambia. "Nyinyi wenye fomu."

Nikaandika kwa herufi kubwa, NI NYINYI WENYE FOMU, nikagonga muhuri wa kikundi.