Kibanio cha Noreen

Noreen Chartrand alianza kusomea malezi ya watoto wadogo mwaka ule ule aliomzika mumewe, Gilles. Watu wa mji wetu wa Brandon hawakukosa la kusema. Mimi, mpishi wa kituo cha watoto alikoletwa kufanya mazoezi ya kazi, nilisema pia, maana mdomo wangu hauna breki. Nilisema huyu mama anatafuta watoto wa kumliwaza. Kumbe hakuwa anatafuta chochote. Alikuwa amekufa ganzi.

Kazi aliijua. Wakati wa kutoka nje kucheza kwenye theluji alilaza koti sakafuni, kofia ikielekea miguu ya mtoto, mtoto akaingiza mikono na kulirusha juu ya kichwa chake mwenyewe. Hakumvalisha mtu; ndivyo chuo kilivyomfundisha. Akizungumza na mtoto alipiga magoti, macho kwa macho. Lakini sauti yake haikuwa na kitu ndani, na watoto walimtazama kidogo, kisha wakaenda kwa mwingine.

Msimamizi wetu, Bi Bev Friesen, alimwita jikoni kwangu.

"Noreen, mama, sikufichi. Unafanya kila kitu sawasawa, lakini ni kama hayupo mtu. Mambo yakibaki hivi hadi Ijumaa, sikupitishi."

"Sawa."

"Sawa tu? Hata nikasirikie basi!"

"Ningeweza ningekasirika, Bev."

Nilijifanya nakoroga makaroni. Bila cheti cha chuo angerudi kiwanda cha nyama, walikofanya kazi yeye na Gilles, wakila pamoja kila mchana kwenye meza moja. Kuiona tena meza ile ndicho kitu pekee alichokuwa bado anakikataa.

Mlangoni kwetu pana ubao wenye nyuso nne: ya kucheka, ya kulia, ya hasira na ya hofu. Kila asubuhi mtoto hubana kibanio cha nguo chenye jina lake chini ya uso unaofanana na hali yake. Sisi wakubwa hubana pia, na wote hubana kwenye kucheka. Hata siku ile mume wangu alipolala polisi, mimi nilibana kwenye kucheka. Noreen naye vivyo hivyo.

Jumatano, Tobin alisimama mbele ya ubao, kibanio mkononi. Ana miaka minne, na bibi yake aliyekuwa akimleta kila siku alizikwa mwezi uliopita. Wenzake walishakaa kula uji.

"Weka kwenye kulia, mpenzi," Bi Bev alimwambia akipita.

"Silii."

"Haya, kwenye hasira."

"Sina hasira. Yangu haipo."

Bi Bev akaenda kupokea simu. Noreen akapiga magoti. Alimtazama Tobin, akautazama ubao, kisha akabandua kibanio chake kwenye kucheka.

"Hata yangu haipo," alisema.

Akachora duara kwenye karatasi, bila macho wala mdomo, akalibandika pembeni. Tobin akabana chake, Noreen akabana cha kwake. Kwenye uji walikaa pamoja.

Bi Bev aliporudi alisimama mbele ya ubao kitambo. Nilijua atalibandua lile duara, maana chuo hakina uso wa namna hiyo. Hakulibandua. Kesho yake alimwita tena Noreen jikoni, akatia sahihi karatasi zake na kusema, "Umepita, mama." Noreen akasema asante kwa sauti ile ile. Mimi ndiye niliyelia, kwenye makaroni.

Ijumaa, Tobin aliingia akipiga mateke buti zake, analia, anamtaka bibi yake. Akakivuta kibanio chake kwenye duara, akakibana kwenye kulia. Ndipo akakiona cha Noreen.

"Umebaki peke yako," alimwambia, kamasi zikimtoka.

"Ndiyo."

Tobin alifikiri.

"Mimi niko hapa kwenye kulia. Nitakungoja."

Noreen, magoti chini, macho kwa macho, alimfuta kamasi kwa ncha ya sweta yake. Tobin akamshika mkono, akampeleka kwenye uji.