Machicha ya Ubuyu

Muuguzi wa zahanati ya hapa Kikuyu, Dodoma, ni binti mpole, na wiki iliyopita nilimfokea bure. Alikuwa ananieleza habari za sukari yangu. "Bibi," akasema, "juisi uache. Kula tunda lenyewe, na nyama yake na nyuzi zake. Juisi inapita mbio, sukari inapanda, halafu kidogo tu njaa imerudi. Tunda zima linakaa tumboni." Nikamwambia, "Umechelewa, mwanangu! Umechelewa mno!" Maskini, akadhani nalalamikia foleni, akaniomba radhi. Nikatoka pale upesi, maana nyuma yangu, kwenye benchi la wagonjwa, nilikuwa nimesikia mtoto akisema, "Nipe nitafune." Nilipogeuka niliona wazee watupu.

Mtoto huyo namsikia tangu enzi ya Mjerumani. Nilikuwa na miaka kama tisa, na reli ilikuwa inakuja Dodoma. Baba alipata kazi ya kuchota maji katika kambi ya reli, mwendo wa asubuhi hadi adhuhuri kutoka kwetu. Akienda hukaa siku nyingi, akirudi hurudi na habari. Mvua mwaka ule zilituchezea, uwele ukaishia kimo cha goti, tukawa tunaishi kwa mlenda. Hata ubuyu wa karibu watu walikuwa wameshaumaliza. Sisi tulibakiwa na makapu mawili ndani.

Ndipo mdogo wangu wa kike, wa miaka minne, akapata homa. Mtoto mbishi yule! Hata akiwa amelala macho yamefumba, ukimpitia karibu anakupiga teke. Baba akaja siku ya pili ya homa, akaketi, akatoa habari yake. Msimamizi wake, Mjerumani mmoja mwenye ndevu nyekundu, alikuwa ameugua hata watu wakaanza kutafuta mbao za jeneza. Wakamkamulia machungwa na ndimu zilizotoka pwani, wakachuja, wakamnywesha bilauri kwa bilauri. Sasa yuko kazini anatukana watu kama zamani. "Nimeona kwa macho yangu," baba akasema. "Wenzetu wakiugua hawatafuni. Nguvu ya tunda iko kwenye maji yake. Mengine ni mzigo wa tumbo."

Machungwa tungeyatoa wapi? Tulikuwa na ubuyu ule na asali ya mzinga mmoja. Baba akanipa kazi: niuloweke ubuyu, niukoroge, niuchuje kwa chujio la mama la pombe, nitie asali, nimnyweshe mtoto kutwa nzima. Machicha, yaani mbegu na nyuzi na unga uliozigandia, niwape mbuzi. Na nyumbani kwetu mgonjwa alilishwa na mkono mmoja tu mpaka apone, asije akachanganyiwa mambo. Mkono huo ukawa wangu, na hata mama hakuruhusiwa kumpa kitu. Baba akarudi kambini moyo umetulia. Alimpenda sana mtoto yule, lazima niseme hivyo, maana watu wakisikia habari hii humtukana.

Homa iliondoka siku ya nne. Haki ya Mungu, iliondoka! Mtoto akakaa, akacheka, akaomba chakula. Nikampa maji ya ubuyu. Akanywa, akachangamka, akakimbia mpaka mlangoni. Kabla kivuli hakijasogea akawa amelegea, analia njaa. Nikampa tena, na tena, mpaka tumbo likaanza kumwendesha. Kila nilipochuja aliketi karibu ananitazama mikono. "Nipe nitafune," anasema, akionyesha chujio. "Hapana, haya ni ya mbuzi." "Na mimi mbuzi," anasema, kisha analia mee, mee, ili nicheke. Nami nilicheka.

Sasa niseme lililo langu. Yale machicha hayakufika kwa mbuzi. Niliyapeleka nyuma ya zizi, nikayamung'unya mpaka mbegu zikawa safi, kisha mbegu nikazikaanga juu ya kigae, nikazipasua kwa meno na kula kiini chenye mafuta. Nilishiba, jamani. Katika njaa ile mimi nilinenepa mashavu, na mdogo wangu mikono yake ikawa myembamba kama mwiko. Je, nilijua? Nimejiuliza hivyo mpaka nimechoka. Nilijua kwamba mimi nashiba na yeye hashibi. Nilijua pia fimbo ya baba, au ndivyo nilivyojiambia. Kila siku nilisema baba akija nitamwomba ruhusa.

Baba alikuja baada ya siku kumi na kitu, mtoto hawezi tena kuinua kichwa. Akauliza, "Anakunywa?" Nikasema anakunywa. "Basi ongeza asali," akasema. Sikumwomba ruhusa yoyote. Niliongeza asali. Mdogo wangu akafa kesho yake asubuhi, jua limeshatoka, mama ameenda kisimani, midomo ya mtoto inanata utamu.

Kwenye matanga akaja mpishi wa kambi, mtu wa Busi, huko Kondoa, ametembea na kibaba cha mtama kumpa baba pole. Baba akamwambia kwamba hakukosea kitu. Alifanya kama walivyomfanyia msimamizi, maji matupu, hakumruhusu mtoto kutafuna. Mpishi akashangaa. "Maji matupu? Nani kakwambia? Ile bilauri ilikuwa ya kuteremshia tu. Mimi mwenyewe nilimpelekea mchuzi wa kuku, mayai, maziwa, na machungwa mengine aliyala vipande vyake. Wewe ulikuwa unapita na ndoo, ndugu yangu. Uliona bilauri mlangoni mwa hema." Hakusema kwa ubaya. Mama akajifunika uso kwa kaniki yake.

Baba akainuka, akatoka, akaja akanikuta nyuma ya zizi. Pale chini palikuwa na maganda ya mbegu za ubuyu, mengi mno. Akayatazama, kisha akanitazama mashavu.

"Ulikuwa unakula wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nikasubiri fimbo. Laiti angenipiga! Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akaniuliza taratibu, "Uliweza kuniibia kwa ajili yako. Ulishindwa nini kuniibia kwa ajili yake?"

Nimemkasirikia baba maisha yangu yote kwa swali lile. Mtoto wa miaka tisa! Na aliyekataza ni nani kama si yeye? Wanangu hunitetea hivyo hivyo, na mimi huwaacha wanitetee, kwa sababu sijapata kuwaambia nilichomjibu. Sikuitaja fimbo. Wala sikusema kwamba alinikataza.

"Yasingetutosha wawili, baba," nilimwambia. "Na mimi nilikuwa na njaa."