Fulana Zilizomwanika Mama Mkubwa Verna

Mama mkubwa Verna Tollefson anaujua mji wetu kuliko mchungaji, daktari na mwenye baa ukiwajumlisha. Kazi yake ni kuwaandalia watu hesabu za kodi. Ukishampelekea karatasi zako, anajua nani analea mtoto wa nje, duka la nani linakufa huku mwenyewe akibadilisha magari, na shemasi gani anaipenda kasino kuliko Zaburi. Anajua, ananyamaza. Katika mji mdogo wa Minnesota, ambako ukipiga chafya mtaa wa pili wanakuombea afya, huko kunyamaza ndiko kunakompa ugali wake. Siku siri moja ya mteja ikivuja, afunge ofisi akauze maboga.

Kwa hiyo asije mtu akamwita mzembe. Julai, tulipokuwa tunajiandaa kwenda ziwani kwenye mkutano wa ukoo, sisi wengine tulipakia ndoano, soseji na bia. Yeye alipakia ulinzi. Laptopu yake aliibandika plasta ya kidonda kwenye kamera. Ndani yake hakuacha faili hata moja. Mafaili yote ya wateja yalikaa kwa kampuni moja ya kuhifadhi vitu mtandaoni, nyuma ya neno la siri refu kama treni ya mizigo. Duka la chambo pale ziwani lina waifai ya bure. Aliipita kama mtu anayepita choo kilichofurika.

"Verna, hata wezi wana likizo," baba yangu Duane alimtania njiani.

"Na likizo zao huwa wanazifanyia kwenye akaunti za watu kama wewe, shemeji. Wewe neno lako la siri si ni 'samaki'?"

Baba aliwasha redio.

Tukafika. Mama yangu, Marlys, mdogo wake Verna, alikuwa ametangulia tangu jana yake na maboksi. Kwenye ukoo wetu mkutano bila fulana si mkutano. Kila mwaka lazima wote tuvae sare, tuonekane kama timu ya mpira iliyoshindwa na uzee. Na kila mwaka kuna mtu anayetunzwa. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Verna, aliyetimiza miaka sitini.

"Dada, fumba macho," mama alisema. "Haya, fumbua!"

Mbele ya fulana, rangi ya chungwa ya kuumiza macho, palikuwa na picha ya Verna akicheka, jina la ziwa na tarehe tutakazokuwepo. Mgongoni, kwa herufi ambazo hata bata wa ng'ambo wangezisoma:

MNAMJUA VERNA WETU?
Mbwa wake wa kwanza: Lefse
Alikulia: Mtaa wa Birch
Jina la ukoo la mama yetu kabla ya kuolewa: Skogmo
Mwalimu aliyempenda: Bi. Ostby
Gari lake la kwanza: Rambler ya kijani

Nilimwangalia mama mkubwa. Damu ilikuwa imemhama usoni. Maana hayo si mambo ya utani. Ndiyo maswali ambayo kampuni ya mtandaoni hukuuliza ukisema umesahau neno la siri, ili ijue kama kweli ni wewe. Mama yangu alikuwa amechapisha funguo za ofisi ya dada yake, na ukoo mzima ulikuwa umezivaa, unazunguka nazo ufukweni ukila mahindi.

Mtaniuliza: kwa nini mwanamke mwangalifu hivyo alijibu maswali hayo kwa ukweli? Nami nilimuuliza. Curtis, fundi wake wa kompyuta, alishamwambia aweke uongo. Mbwa wake amwite hata Napoleoni, mradi akumbuke. Mama mkubwa nusura amfukuze ofisini. "Nidanganye? Kwenye fomu?" Kila mwaka anatia sahihi kwamba alichoandika ni kweli tupu, na ni Mlutheri; hawezi kuidanganya hata mashine.

"Vipi, dada? Hupendi rangi?" mama aliuliza.

"Rangi... rangi inaonekana, Marlys. Umejitahidi."

Huko kwetu zawadi haikataliwi. Ukipewa soksi zenye tundu unazivaa papo hapo na kuomba picha. Basi mama mkubwa akaivaa fulana ile, akasimama katikati, tukapigwa picha kwa nyuma ili maandishi yasomeke. Tabasamu lake lilikuwa la mtu anayeng'olewa jino.

Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hizi fulana hajaziona mtu mwingine, eti?"

"Nani, hizi?" mama aliangua kicheko cha furaha. "Mwenye duka la kuchapisha kazipenda mno! Kaziweka kwenye ukurasa wake wa matangazo, wiki ya tatu sasa. Watu wamezisifia mpaka Kanada!"

Mama mkubwa aliweka chini sahani yake ya jeli ya kijani yenye karoti. "Nipeleke kwenye mtandao wa simu," aliniambia. "Sasa hivi."

Ziwani kwetu simu haishiki mpaka upande kilima cha kutupia takataka. Tulipofika juu, simu yake ililia mfululizo. Nilisoma begani kwake: *Neno lako la siri limebadilishwa. Kama ni wewe, usifanye lolote.*

Mimi, ambaye sina hata siri ya kuibiwa, nilimtafutia namba ya kampuni. Akapiga kwa kampuni, akaweka spika.

"Mama, nitakuuliza maswali machache," kijana wa huko alisema. Verna akajibu: Lefse, Birch, Skogmo. Bi. Ostby alimtaja mara mbili.

"Ahsante. Umejibu sawa. Tatizo ni kwamba aliyepiga leo asubuhi naye alijibu sawa. Alisema yuko ziwani na familia na simu yake imezama, akatutajia ziwa lenyewe. Kusema kweli, mama, alijibu haraka kuliko wewe."

"Ni mwizi huyo!"

"Naye alituambia hivyo hivyo, tujihadhari na atakayepiga baada yake."

Sijawahi kumwona mtu akiambiwa kwamba yeye ndiye feki wa nafsi yake. Alimtajia kijana hata Rambler ya kijani, inzi wa jalalani wakipita. Mwishowe kijana akakubali kuifunga akaunti, asiingie yeyote kati ya Verna wawili, mpaka mmoja alete kitambulisho. Faili zilizofunguliwa asubuhi hakuweza kumtajia.

Tukarudi chini. Nilidhani atapakia virago. Badala yake alipanda juu ya meza ya chakula, kati ya bakuli la viazi na mkebe wa dawa ya mbu.

"Ninyi ambao nawafanyia kodi, na karibu wote ni ninyi. Leo asubuhi kuna mtu ameingia kwenye mafaili yangu. Alitumia majibu yaliyo mgongoni mwenu."

Kila mtu alijaribu kusoma mgongo wa mwenzake.

"Ameona nini?" baba aliuliza.

"Sijui, Duane. Labda yote. Siwezi kuwaambia kitu nisichokijua."

Mama yangu aliivuta fulana yake akaivua pale pale, akabaki na sidiria mbele ya wajomba, akaitupa kwenye moto wa kuchomea soseji. "Nilitaka wakujue tu," alisema, akilia kwa sauti.

"Wamenijua, Marlys. Njoo hapa."

Mmoja mmoja nao wakaanza kuvua. Vitambi vyeupe ambavyo havijaona jua tangu ujana vikatoka hadharani, mbu wakafanya sherehe. Ila Bibi Inga, shangazi yao na mteja wa kwanza kabisa wa Verna, alibaki kwenye kiti chake na fulana mwilini.

"Sasa huyo mwizi atakopa kwa jina langu?"

"Anaweza, shangazi. Inabidi tuwapigie simu wanaotunza rekodi za mikopo, wazuie yeyote kukopa kwa jina lako, ni bure. Au kama huutaki tena mkono wangu, nitakupa namba ya Torgerson, naye huandaa kodi. Ni mtu mwaminifu."

"Torgerson ananuka vitunguu. Nipeleke huko jalalani."

Tukaenda wote, msafara wa watu vifua wazi. Juu ya kilima Bibi Inga akashika simu, Verna kando yake. Msichana wa upande wa pili akauliza: kwa usalama, mbwa wako wa kwanza aliitwa nani?

Bibi Inga aliziba simu kwa kiganja, akatugeukia.

"Tazameni ziwa. Wote. Na vidole masikioni. Verna, hata wewe."

Tukageuka.