Jaketi la Baridi Madhabahuni

Nichekeni tu, ndugu zangu, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka. Jumapili iliyopita usharika wetu hapa Maisaka uliniombea niende Ujerumani mwaka mzima, kujitolea kwenye nyumba ya wazee. Kazi yangu huko ni kufua na kupiga pasi. Yule mama Mjerumani aliyekuja kunitazama nilimwambia kwa Kiswahili chake na changu kwamba pasi naijua kuliko vitabu. Vitabu niliviacha kidato cha pili.

Asubuhi ya Jumapili hiyo nikaisahau pasi ya mkaa juu ya shati jeupe, likaungua mgongoni. Shati lingine la kanisani sina, basi juu yake nikavaa jaketi zito la mtumba nililonunua kwa ajili ya baridi ya Ulaya.

Nikapiga magoti madhabahuni. Wazee wa kanisa wakaniwekea mikono kichwani, jasho likaanza kudondoka sakafuni, nikawa natetemeka kwa hofu.

"Mchungaji, kijana anaumwa," akasema yule mgeni Mjerumani, aliyekuwa ameketi mbele. "Mgonjwa hatuwezi kumchukua."

"Ni malaria hiyo," mzee mmoja akadakia. "Mvueni jaketi apate hewa."

"Mimi mzima kabisa!" nikasema, nimeng'ang'ania kola.

"Mwanangu, acha ubishi," akasema Mama Neema wa kwaya, akalivuta kwa nyuma likatoka lote.

Mama Neema akainama, akanigusa mgongo kwa kidole.

"Mgeni, usiogope," akasema. "Hii siyo malaria. Hii ni pasi."