Zimamoto wa Lipangalala

Mbele yake wasichana walimwita Matroni. Akigeuka tu, walimwita Zimamoto. Jina lake hasa lilikuwa Merina, na hilo la pili alilijua vizuri, kwa kuwa kuta za nyumba ile hazikuficha kicheko. Hakuwahi kuwauliza. Alijiambia kwamba watoto wa shule lazima wapate mtu wa kumcheka, basi na wamcheke yeye.

Nyumba ilikuwa Lipangalala, Ifakara, mali ya Mzee Raimundi, ambaye aliijenga ili wapange humo wasichana wa sekondari waliotoka mbali. Vyumba vilitazamana kwenye korido moja ndefu, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Madirisha yote yalitiwa nondo kwa sababu ya wezi, na chini ya bati palitandazwa dari la matete. Wazazi walipokuja kuleta mabinti zao walizishika zile nondo, wakazitikisa, wakaridhika. Merina akizitazama, aliukumbuka ule mlango mmoja wa kutokea.

Alizaliwa upande wa Mahenge, akaolewa na Kelestini, mkata miwa, wakahamia Sanje. Huko, adhuhuri moja ya kiangazi, nyumba ya nyasi ya jirani ilishika moto kutokana na jiko lililoachwa na makaa. Iliteketea kabla ya ndoo ya kwanza kufika. Mtoto wa nyumba ile alikuwa salama kwa bibi yake, lakini kwa muda ule hakuna aliyejua, na watu walikimbia huku na huku wakiulizana, "Mtoto yuko na nani? Jamani, mtoto yuko na nani?" Swali hilo lilimwingia Merina likakaa. Hata Kelestini alipofariki, naye akaja Ifakara kulea watoto wa watu, alikuja nalo.

Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa alipiga marufuku vibatari vyumbani. Umeme haukuwa umefika nyumba ile. Anayetaka kusoma, alisema, asogee koridoni kwenye chemli. Lakini mwanga wa chemli ile ulitosha kumwonyesha mtu njia ya chooni, haukutosha kusomea hesabu. Isitoshe, masika ya mwaka 1998 mvua hazikukatika, mto Lumemo ulifurika, mbu wakawa kama moshi, na karibu kila kitanda kilining'inizwa neti. Mitihani nayo ilikuwa inakaribia. Wasichana wakatengeneza vibatari kwa makopo ya maziwa, wakawa wanasoma ndani ya neti zao, moto umesimama kati ya magoti.

Merina alinusa mafuta ya taa. Akaanza kupita chumba kwa chumba, na kila alipokamata kibatari kimoja, kesho yake kilizaliwa kingine. Kandambili zake ziliposikika koridoni, aliyekaa karibu na mlango alinong'ona, "Zimamoto!" Merina alipoingia alikuta giza, na watu wamelala chali, madaftari vifuani.

"Mnalala na sare za shule?"

"Usingizi umetuvamia, Matroni," alijibu Sada, msichana wa kidato cha nne asiyekosa neno.

"Umewavamia wote kwa pamoja?"

"Ulikuja na jeshi, Matroni."

Shuka zikatikisika kwa kicheko. Merina aliinua mito, akafungua masanduku. Wakati mwingine aliona wekundu hafifu sakafuni, akadhani ni chemli ya koridoni inayomulika nyuma yake. Akarudi kulala, asilale.

Jioni moja, baada ya chakula, alikuwa uani anasugua sufuria chini ya paa la jikoni. Mvua ilipiga bati. Akasikia sauti kutoka ndani, "Zimamoto! Zimamoto!"

Mkono wake ukasimama. Kwa hiyo leo hawanong'oni tena, alifikiri, leo wananitangaza. Aliinamia sufuria yake, akasubiri kicheko.

Kicheko hakikuja. "Zimamoto, njoo!" Sauti ilikuwa ya mtu anayelia.

Aliitupa sufuria akakimbia. Koridoni milango yote ilikuwa imefungwa, vyumba kimya, kwa sababu kila aliyesikia neno lile alifanya alichozoea kufanya. Chumba cha mwisho tu ndicho kilichong'aa. Humo alikuwamo Careen, mtoto wa kidato cha kwanza, peke yake, amesimama kitandani anapambana na neti kwa mikono. Upindo wa neti ulikuwa unawaka, ukidondosha matone ya moto juu ya godoro la sponji. Merina aliing'oa neti pamoja na kamba zake, akaikanyaga, akamwaga juu ya kitanda ndoo ya maji iliyokuwa kando ya mlango, kisha akaliburuta godoro likifuka moshi hadi nje kwenye mvua.

"Hamkumsikia mwenzenu?" alipiga kelele aliporudi.

Milango ikafunguka mmoja mmoja. "Tulijua ni wewe unakuja, Matroni," alisema Sada.

"Na vibatari vyenu viko wapi?"

Merina akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda cha Sada. Kibatari kilikuwa kinawaka nyuma ya sanduku, ulimi wake unalamba ubao wa kitanda, na ubao ulikuwa mweusi kwa weusi usio wa siku moja. Kitanda cha pili vivyo hivyo. Cha tatu pia.

"Hamvizimi?"

"Tukivizima unasikia harufu ya utambi," Sada alijibu, safari hii bila mzaha. "Tunavisukuma tu mpaka upite."

Merina akakaa palepale sakafuni. Kila alipopita kuwalinda, alikuwa anausukuma moto chini yao.

Asubuhi alimpeleka Careen hospitali, viganja vimetoka malengelenge. Aliporudi alimkuta Mzee Raimundi akikagua dari.

"Wenye vibatari wote wafukuze," alisema mzee.

"Utabaki na nyumba tupu."

"Basi zidisha ukali, mama."

"Ukali wangu ndio uliotaka kuwachoma, mzee. Mimi nipe meza. Na hizi nondo za dirisha la nyuma, zitoke."

Walivutana mpaka jua likapanda. Meza ilipatikana. Nondo, mzee alisema atafikiria.

Jioni ile vibatari vyote viliwekwa mezani, katikati ya korido, mbali na neti. Merina alikaa chumbani kwake, ameapa kwamba hataenda. Harufu ya mafuta ikamfuata. Alivaa kandambili, akazipiga sakafuni kwa makusudi, asikike.

Alipotokea, vichwa viliinuka. Sada aliweka kiganja juu ya mkono wa msichana aliyekuwa ameshaanza kukisogeza kibatari chake.

"Kiache," alimwambia. "Karibu, Matroni, kaa."

Merina hakuweza kukaa. Alisimama pale mlangoni, akiangalia miale ile midogo ikitikisika kwa upepo, mpaka wa mwisho alipofunga daftari lake na kuupuliza moto.