Tofu ya Nadhiri

Mama mkwe wangu aliniita kiguu na njia, na hakunionea. Mwaka ule wa vita sikuweza kukaa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mkoa, na malori yalipochukuliwa kwenda mpakani, lake lilichukuliwa pamoja naye na utingo wake, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwa mama mkwe. Nikafunga nyumba ya mjini Sumbawanga, nikahamia kwa mama mkwe huko Mollo, ambako nyumba zilikuwa zimepangwa kando ya barabara kama kijiji cha ujamaa kilivyotakiwa kuwa. Barabara hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kila lori lililopita nilitoka mbio, mikono imejaa unga, na kila mara halikuwa lake.

Mama mkwe hakutoka hata mara moja. Siku lori lilipoondoka alikwenda kanisani na mama wa utingo, wakapiga magoti pamoja, wakaweka nadhiri kwamba nyama, samaki, mayai na maziwa hawatavigusa mpaka watoto wao warudi. Mimi Mmoraviani wa Mbeya nilikasirika. Niliona ni kumwekea Mungu masharti. Lakini mkwe habishani na mama wa mumewe, kwa hiyo nilinuna tu, nikafagia uwanja niliokwisha kuufagia asubuhi.

Shida ilikuwa tumbo lake. Maharage, ambayo Ufipa nzima inayategemea, yalimchoma tangu zamani, hata mchuzi wake. Akabaki na ugali wa ulezi na majani ya maboga. Kufikia mwisho wa mvua, kanga iliyokuwa ikimtosha ilimzunguka mara mbili. Mganga wa zahanati alimvuta kope, akasema damu imekwisha, ale nyama au mayai. Padri naye akamwambia mgonjwa anasamehewa. Alimshukuru padri kwa heshima zote, akarudi nyumbani, akala majani. Mimi niliogopa. Niliona mume wangu akishuka kwenye lori na mimi nikimwongoza kwenda kumwonyesha kaburi.

Ndani kulikuwa na nusu gunia la soya iliyotoka kwenye shamba la kijiji. Bwana shamba aliisifu sana mkutanoni, lakini watu waliichemsha kutwa ikabaki ngumu, ikinuka majani mabichi, wakaishia kuwapa nguruwe. Nilikuwa nikiliruka gunia lile kila siku bila kulitazama. Halafu asubuhi moja nikasimama mbele yake, nikamkumbuka baba. Baba alikuwa msaidizi wa jikoni kwenye kambi ya Wachina waliojenga reli, na mimi, msichana nisiyetulia, nilipewa kazi ya kusaga soya za tofu yao, maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, ili nisizurure.

Nilipomweleza, mama mkwe akauliza:

"Inakuwa nyeupe?"

"Nyeupe, mama."

"Basi ni maziwa hayo."

"Ng'ombe hajaikaribia."

"Nitatazama mwenyewe," akasema, akahamishia kigoda chake jikoni.

Soya nilikuwa nimeiloweka tangu jana yake. Niliisugua maganda yakatoka, nikaisaga juu ya jiwe huku nikiongeza maji kidogo kidogo, nikaikamua kwenye kitambaa cha marekani mpaka viganja vikauma. Nikabandika sufuria. Mama mkwe alifuata kila hatua na rozari yake mkononi, kama karani wa mizani. Maziwa ya soya yana tabia mbaya: yanakaa kimya muda mrefu, halafu yanapanda yote kwa mara moja. Ndipo nikasikia lori. Nilitoka. Lilikuwa limebeba mbolea. Niliporudi povu lilikuwa limezima moto, na jikoni kote kunanuka.

"Mama, mbona hukuipua?"

"Mimi natazama tu. Hukuniambia niipue."

Nusura nilie kwa hasira, na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu lori liondoke. Kicheko chake kilinikasirisha zaidi.

Siku iliyofuata nilivuka hapo, maziwa yakachemka vizuri, nikaipua. Sasa yalitaka kitu kichachu cha kuyagandisha. Wachina walikuwa na unga wao mweupe. Mimi nilikuwa na ndimu chache zilizokauka ganda, za Kasanga, ambazo mume wangu aliniletea safari yake ya mwisho ya ziwani. Nikakamua, nikamwaga kwa kuzungusha, nikafunika. Hapo ndipo kazi ilipo: hutakiwi kukoroga wala kuchungulia. Ukigusa, mabonge yanavunjika, unabaki na chembechembe zisizoshikana. Nilikuwa nimekwisha kufunua mara mbili lori jingine liliposikika likipanda. Nikainuka. Mama mkwe akanishika upindo wa kanga.

"Kaa," akasema. "Likiwa lake litasimama."

Nikakaa. Sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko lile. Lori likapita na mtetemo wake kwenye sufuria, likaenda zake. Tulipofunua, mabonge yalikuwa yamejitenga, na maji yamebaki ya manjano na safi. Nikayachota nikayafunga kwenye kitambaa, mama mkwe mwenyewe akaweka jiwe juu. Jioni nilikata vipande, nikavikaanga kwa mafuta ya kubahatisha, nikaunga kwa nyanya na kitunguu. Alitafuna kipande kimoja taratibu, akisikilizia tumbo.

"Haina ladha," akasema, akachukua cha pili.

Ndimu zilikwisha, lakini nilikumbuka wapishi wa kambini unga wao ulipoisha: walibakiza maji ya tofu ya jana, yakachachuka, yakagandisha ya leo. Nikawa naweka kopo la maji hayo chini ya kitanda, mbali na baridi. Kila tofu ilizaliwa na iliyotangulia, na nikiruka siku nyingi maji yanaharibika. Kwa hiyo nilipika mfululizo, na nusu ya kila mkate wa tofu mama mkwe aliupeleka nyumba ya tatu, kwa mwenzake. Kanga ikarudi kumzunguka mara moja. Mimi bado nilisikiliza barabara, ila nilisikiliza nimekaa.

Lori lake lilikuja wakati wa upepo wa kipupwe, nikiwa namimina maji machachu. Niliujua mlio ule tangu mbali. Nilimaliza kumimina, nikafunika, ndipo nikatoka. Lilikuwa limesimama, ila si kwetu. Lilisimama mbele ya nyumba ya tatu. Nilimwona mume wangu akishuka peke yake, kofia mkononi, akiingia kwa mama wa utingo. Kisha tukasikia kilio. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kutoka kwa ajili ya lori lolote, alinipita akikimbia.

Jioni mume wangu alikaa kwetu, amekonda, akasema neno moja tu juu ya safari: "Nilimzika mwenyewe." Nilichinja jogoo. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa nikiionea haya furaha hiyo, kwa hiyo nilifanya kila kitu kwa haraka. Nilimpakulia mama mkwe paja, nikaliweka mbele yake. Nadhiri imekwisha, nikawaza, na kazi ya jiwe na kitambaa imekwisha. Nikaingia ndani kuchukua kopo nikalimwage.

Niliporudi nalo, paja lilikuwa kwenye sahani ya mume wangu. Mama mkwe alikuwa amesimama, anaifunika tofu ya siku ile kwa bakuli ili aipeleke nyumba ya tatu.

"Mama, kula kwanza. Mtoto amerudi."

"Wangu amerudi," akasema. "Tulipiga magoti wawili."

Akaona kopo mkononi mwangu.

"Hayo maji umeyamwaga?"

"Bado, mama."

Akaondoka na bakuli lake. Mume wangu akaniuliza maji gani hayo. Nilirudisha kopo chini ya kitanda, nikaenda kwenye gunia, nikapima soya ya kuloweka.