Hodi Mlangoni pa Kanisa

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka minane, baba yangu alikufa na shida ikaanza. Alikuwa akinunua ngozi za ng'ombe kule Isebania na kuziuza Rongo, na ndiye aliyetuletea sukari nyumbani. Alipokwenda, sukari ilikwenda naye. Shule niliacha darasa la tatu na sikurudi. Nakwambia haya mapema, rafiki yangu, usije ukatafuta maneno makubwa hapa.

Kilichonirudisha huko nyuma ni mkutano wa juzi. Kanisa letu karibu na Magunga sasa ni la mawe, lina milango ya vioo, na lina kamati ya ibada. Mchungaji, kijana mwenye heshima zake, alituambia wanapanga ibada upya: bendi saa nzima, salamu za wageni, matangazo, harambee, halafu neno, kama muda utaruhusu. Akanigeukia.

"Mzee, wewe ni wa zamani hapa. Unaonaje?"

"Injili mmeiweka wapi?"

"Kwa mahubiri, mzee."

"Na muda usiporuhusu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mawazo yangu yalikuwa yameshaondoka pale, yako kwenye vumbi la kanisa letu la kwanza, la udongo na paa la nyasi, nimeshika leso ya mama.

Kanisa lile lilikuwa na mlango mmoja wa mbao, nao ulikuwa mfupi, hata wanaume warefu waliinama. Lilijengwa ndani ya boma la mzee mmoja jirani aliyetoa kiwanja. Jumamosi kina mama walipaka sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, na Jumapili harufu yake ilikuwa bado mbichi, imechanganyika na moshi wa nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyokuwa yakichemka nje tangu alfajiri. Hiyo harufu ndiyo Jumapili kwangu. Manukato ya siku hizi hayanifikishi popote.

Aliyetuongoza tulimwita mwalimu, ingawa alikuwa fundi wa kushona nguo. Ibada aliipanga kwa namna yake. Hakuna aliyeingia moja kwa moja. Tulisimama nje, jua likituchoma, tukaungama makosa yetu hapo hapo kwenye vumbi. Kisha wote kwa pamoja tukabisha: "Hodi!" Mwalimu, aliyekuwa ndani peke yake, alitungojesha kidogo, tukasikia kuku tu na ng'ombe wa yule mzee. Halafu akaitika kwa Kijaluo: "Donjuru!" Yaani ingieni, nyote. Ndipo mlango ukafunguliwa, tukaingia tukiimba. Neno likasomwa, likafafanuliwa kwa ufupi, tukala nyoyo kutoka karai moja, na mwisho mwalimu akaufungua mlango tena akatuambia, "Nendeni, na huko mkawaite wengine."

Alikuwa akisema ibada yenyewe inapaswa kuisimulia habari njema: tulikuwa nje, tukaitwa, tukalishwa, tukatumwa. "Hata aliyelala wakati wa mahubiri," alisema, "miguu yake imesikia."

Basi ibada hiyo nzuri, mama yangu aliiona kwa nje.

Wakati ule kwetu Wajaluo, mjane ambaye hajafanyiwa mila za kumaliza msiba hakuingia nyumba ya mtu. Na mila zenyewe zilimtaka arithiwe na mwanamume wa ukoo wa marehemu. Mama alikataa. Alikuwa Mkuria, na akikataa amekataa. Sasa kanisa lilikuwa ndani ya boma la mtu, kwa hiyo watu wakalihesabu kuwa nyumba ya mtu. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo, lakini kila mmoja alilijua. Jumamosi mama alibeba maji na kinyesi hadi kizingitini, wengine wakaingia kupaka. Jumapili alibisha hodi pamoja na wote, na "donjuru" ilipoitikwa wote waliingia, yeye akakaa kwenye jiwe kando ya ukuta. Nami nilikaa naye.

Aliyesimamia mila hiyo kwa nguvu zote alikuwa nyanya yangu, mama yake baba. Usimchukie. Alikuwa ameshamzika mtoto wake, na aliogopa chira, ile laana ya kuvunja mila ambayo watu walisema inawakausha watoto. Mtoto aliyebakiwa naye katika nyumba ya mwanawe ni mimi.

Asubuhi moja, tukiwa njiani, mama aliniambia: "Leo ndiyo mwisho. Nikiachwa nje tena, kesho tunarudi kwetu." Kwao mama nilikuwa nimefika mara chache, na lugha yao sikuijua vizuri. Nilitazama mtama wetu na yule nyanya aliyetutangulia na sufuria kichwani, nikaona vyote vinaondoka.

Tuliungama, tukabisha, tukaitikiwa, watu wakaingia. Wimbo ulikuwa umeanza mama aliposimama kutoka kwenye jiwe. Akaenda mlangoni akasema, peke yake:

"Hodi."

Wimbo ulikatika. Rafiki yangu, kwetu unaweza kumnyima mtu mengi, lakini hodi haiachwi bila jibu. Mlevi anajibiwa. Mdai anajibiwa.

Mwanamume mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, hii ni nyumba ya mtu!"

"Ya nani?" mwalimu akauliza.

Wote wakamgeukia yule mzee wa boma. Naye akavuta ugoro wake taratibu, akapiga chafya. "Msinitazame mimi. Niliwapa kiwanja. Nyumba yangu ni ile yenye kuku."

Kuna waliocheka, kuna waliokunja uso. Mwalimu alikuja hadi mlangoni. Hakusema "donjuru," ile ya wengi. Alisema ya mtu mmoja.

"Donji."

Mama hakusogea. Alikuwa akimtazama nyanya. Nyanya aliinuka kwa shida, akapita katikati ya watu, akasimama kizingitini. Nilidhani anakuja kuufunga mlango.

"Nyar Kuria," akasema, maana hivyo ndivyo alivyomwita, binti wa Wakuria, "mtoto akiugua, tutamuuguza wewe na mimi. Ingia. Nyoyo inapoa."

Mama aliinama akaingia, na mimi nyuma yake. Ndani kulikuwa na giza na ubaridi. Nilikula hadi tumbo likaniuma, na huo ndio ugonjwa wote niliopata.

Sasa juzi nikaiambia kamati: anzeni nje, mbishe hodi. Mchungaji akauliza, "Na mvua, mzee?" Nikamwambia tulinyeshewa. Wakasema watalifikiria, na mimi nimefanya biashara miaka mingi, najua maana ya kufikiria. Milango ya vioo inakaa wazi tangu asubuhi. Mtu anaingia na simu sikioni, anatoka kabla ya neno, na hakuna aliyemuuliza kama anajua alikuwa nje. Mwalimu hayupo, nyanya hayupo, mama naye tulimzika ndani ya boma letu, karibu na baba. Pale penye jiwe alilokalia nje ya kanisa sasa wanaegesha magari.

Mimi leo nina nyumba ya mawe Magunga, vyumba vya kupangisha Rongo, duka la mbegu na mbolea Isebania, lori moja, mashine mbili za kusaga, ng'ombe, mbuzi, na shamba la miwa. Hivyo vyote nilivitafuta mwenyewe, na sitamshukuru mtu kwa uongo. Ile siku ya kuingia sikuitafuta. Niliingia nimeshika leso ya mama.